Mgeni wa Kigari Chekundu

Kwanza nianze na hili, ili baadaye tusisumbuane: Tekla hakukosea. Honi ililia getini kwake, naye akaitikia, kama mama mwingine yeyote wa Uyole angeitikia. Wanaosema alijitakia waje waseme mbele yangu.

Gereji ya mumewe, Sosthenes, iko uani kwao, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa. Geti la bati liko upande mmoja, jiko la Tekla upande wa pili, magari mabovu katikati. Mteja akifika hupiga honi, na Tekla, hata mikono ikiwa imejaa unga, huitikia kutoka jikoni kwa sauti ndefu, "Karibuuu, pita ndani." Na sauti yenyewe si ya kuchezea. Ndiye anayeanzisha zaburi kanisani kila Jumapili, na kuna madereva wanaokiri kwamba hupiga honi mara ya pili makusudi ili waisikie tena. Sosthenes ni Mhehe wa Kalenga, mtu wa kunung'unika kuliko kusema, lakini ukimuuliza kwa nini alimwoa Tekla hafichi. Alimsikia akiimba kwenye harusi ya watu, wali ukampoa kwenye sahani, basi.

Mchana huo wa Juni ukungu ulikuwa umekataa kuondoka. Lori la mpunga likasimama nje ya geti, na juu yake, kimefungwa kamba huku na huku kama ng'ombe anayepelekwa mnadani, kilikuwa kigari chekundu cha zamani cha Kiingereza, pua ndefu, paa la turubai, milango miwili na viti viwili tu. Honi ikalia mara tatu, fupifupi, kwa adabu.

"Karibuuu, pita ndani," Tekla akaitikia.

Mwenye lori, Selemani, mfanyabiashara wa mchele wa Chimala, akashuka akiwa amekunja uso. "Nani kapiga honi?" akauliza.

Sosthenes akamtazama. "Si wewe?"

"Honi ya lori imekufa tangu Pasaka. Hiyo imelia kule juu."

Kule juu hakukuwa na mtu. Asukile, fundi umeme wa gereji, Mnyakyusa ambaye mdomo wake haujui likizo, akapanda kwenye bodi la lori, akachungulia ndani ya kigari, akaanza kucheka. "Waya wa honi unapita ndani ya bomba la usukani," akaeleza. "Ukichubuka ukagusa chuma, honi inapata athi, umeme unapata njia, inalia yenyewe. Lori limeruka tuta, chuma kimegusana. Hakuna muujiza hapo, bosi."

Tekla naye alikuwa ametoka jikoni akijifuta mikono, maana amezoea kumwona mtu anayemkaribisha. Akatazama huku na huku. "Mbona mgeni simwoni? Sasa nimemkaribisha nani?"

"Umeikaribisha athi, mama Anjela," Asukile akamjibu, na uani wakacheka, Tekla akiwa wa kwanza. Selemani hakucheka. Alikuwa anafungua kamba.

Kigari alikinunua kwenye banda la shamba moja nje ya Iringa, kilikokaa miaka kikiwa kimefunikwa maturubai. Tangu utotoni alikuwa anatamani kitu cha namna hiyo, na utu uzima ukamkuta bado anatamani. Alikiendesha mwenyewe mpaka nyumbani Chimala bila shida. Halafu, kwa maneno yake, usukani ukalegea tu, na honi ikaanza wazimu. Usukani ulikuwa umelegea kweli. Sosthenes aliuzungusha robo nzima kabla tairi hazijasikia chochote.

"Gari hili liliingia majini?" akamuuliza.

"Hapana," Selemani akasema upesi, na akapanda lori lake hata chai hakungoja.

Kazi ilianza palepale. Asukile akatoa betri, kisha akafungua honi yenyewe kule mbele nyuma ya taa, kidude cheusi mfano wa konokono, akakiweka kwenye rafu kati ya makopo ya rangi. Sosthenes akang'oa kitufe, akang'oa usukani, akavuta shafti kutoka kwenye bomba lake. Busha, zile pete zinazoishika shafti, zilikuwa zimekwisha. Raba ya jointi kule chini ilikuwa imeoza mpaka ikamegeka kama mkate. Yote hayo ni mambo ya kawaida ya gari la umri ule. Lakini shafti ilipotoka, ilitoka na mchanga wa mtoni, mbichi, unaochuruzika maji, ukamwagika kwenye ovaroli yake, na katikati ya mchanga kulikuwa na konokono mdogo wa majini akiwa hai, anajivuta. Gereji nzima, inayonuka oili na petroli siku zote, ikajaa harufu ya matope ya kingo za mto. Juu ya matope kulikuwa na harufu nyingine tamu, ya marashi yaliyomwagwa zamani. Sosthenes alimchukua yule konokono akamtupa nje ya ukuta. Hakumwambia mtu.

Jioni Tekla alikuwa amekauka sauti. Wakalaumu baridi. Uyole Juni, nani haumwi koo? Akanywa tangawizi, akajifunga mtandio shingoni, akalala.

Asubuhi Sosthenes alipotoka, ukungu ukiwa bado umelala uani, aliona tairi za mbele za kigari zimekata kona. Jioni aliziacha zimenyooka, anakumbuka, maana aliziwekea mawe. Sasa zilikuwa zimepinda kuelekea jikoni, mawe yakiwa palepale. Shafti ya usukani ilikuwa imelala mezani, usukani umetundikwa ukutani, hakuna kitu duniani kinachoweza kupindisha tairi zile isipokuwa mikono ya mtu aliyepiga magoti matopeni, na matope hayakuwa na alama ya goti. Akazinyoosha kwa mikono yake. Saa sita mchana zilikuwa zimegeuka tena kuelekea jikoni, na Asukile, ambaye alikuwa ameziona kabla yake, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kimya. Asukile kunyamaza ilikuwa dalili mbaya kuliko tairi.

"Bosi," akanong'ona, "mimi sijagusa."

"Najua."

"Basi ni nani?"

Sosthenes alikuwa anatafuta jibu la kifundi, kwamba pengine springi, pengine mteremko, aliposikia mkewe akisema kutoka ndani ya gereji, polepole, "Karibuuu." Akageuka amjibu. Tekla hakuwa ndani ya gereji. Alikuwa mlangoni kwa jiko, mkono mmoja umeshika koo, mdomo umefunguka, anajitahidi kumwita mumewe na hakuna kinachotoka, hata mkwaruzo. Sauti yake ilikuwa inatoka kwenye rafu, kati ya makopo ya rangi, kwenye ile honi isiyo na waya wala betri.

Asukile alitoka mbio mpaka barabarani. Simlaumu.

Daktari mjini Mbeya alimulika koo akasema ni zima kabisa, huenda ni mshtuko, apumzike. Katekista akaja, akasali vizuri sana, na honi ikanyamaza muda wote wa sala kama mtoto mwenye adabu, kisha geti lilipofungwa nyuma yake ikaanza kuimba. Iliimba zaburi ya Tekla, ile anayoipenda, kidogo kidogo, kwa sauti ya Tekla, ikikosea maneno na kurudia, kama mtu anayejifunza. Tekla alikuwa amekaa jikoni anaisikiliza. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na alikuwa hawezi hata kulia kwa sauti. Sosthenes alimshika mkono, akaukuta wa baridi na umelowa, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuishi na mwanamke huyu aliogopa kwamba atampoteza.

Kesho yake hakumkuta kitandani. Alimkuta kwenye kigari, kiti cha abiria, amevaa kitenge chake cha safari, mkoba mapajani, viatu vya kanisani miguuni, anatazama mbele kupitia kioo kana kwamba barabara inapita. Pindo la kitenge lilikuwa linadondosha maji sakafuni, tone baada ya tone, na hapakuwa na mvua. Alipomvuta hakukataa. Alimtazama tu kama mtu anayemwangalia jirani aliyekuja kumuaga stendi, na hapo Sosthenes akaona katika macho yale yenye usingizi kwamba safari yenyewe mkewe ameshaikubali.

Akapandwa na hasira. Alimrudisha ndani, akafunga mlango, akampigia Asukile simu arudi, na Asukile, kwa sifa yake, akarudi. Wakakisukuma kigari wakitupe nje. Kilikwenda vizuri mpaka karibu na geti, kisha kikawa kizito, kikazidi kuwa kizito, kana kwamba wanasukuma nyumba, na jikoni kukasikika kishindo. Tekla alikuwa ameanguka sakafuni, mikono kooni, uso umekuwa wa rangi ya majivu, anatapatapa kama samaki aliyetolewa majini. Wakakirudisha kigari ndani. Akapumua.

"Selemani," Sosthenes akasema kwenye simu, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, "njoo. Uje na ukweli."

Selemani akaja. Alikaa kwenye ile ndoo ya Asukile, kofia ameishika mkononi. "Nilikiosha mtoni pale Chimala," akasema. "Jua lilikuwa linazama. Nikasema nijaribu honi, nikapiga mara tatu. Ng'ambo, kwenye matete, kitu kikajibu kwa honi ileile. Nikadhani mwangwi. Nikapiga tena, kikajibu tena. Nikawa nacheza nacho, fundi, mtu mzima mimi, kama mtoto. Mara ya mwisho sikupiga mimi. Kilianza chenyewe. Halafu kiti cha abiria kikabonyea na kulowa, na usukani ukalegea mikononi mwangu."

"Na ukaniletea."

"Nilijua ukikitengeneza kitaacha. Nisamehe. Shangazi yangu yuko Iringa, anayajua haya mambo. Kesho asubuhi anapanda basi."

Shangazi mwenyewe, Bi Naima, ni mwanamke mfupi wa mtaa wa Mlandege, anayeuza udi na viungo vya pilau, babu zake walitoka pwani wakifuata biashara wakabaki. Alifika mchana uliofuata na kikapu chake. Akasimama nje ya geti, akaita, "Hodi."

"Karibuuu, pita ndani," sauti ya Tekla ikamwitikia, tamu, kutoka kwenye rafu.

Bi Naima hakusogea. "Sikuja kwako," akasema kwa upole. "Aje mwenye nyumba anifungulie kwa mkono wake."

Sosthenes akamfungulia, akamwamkia shikamoo. Bi Naima akaitikia marahaba, akaingia, akazunguka kigari mara moja bila kukigusa, akaenda jikoni akamshika Tekla mashavu, akamtazama machoni kwa muda. Kisha akafukiza udi na kukaa kwenye kigoda mbele ya rafu, akaongea chini chini na kile kidude kama mtu anayemuuliza mgonjwa habari za usiku. Kikawa kinamjibu. Mara nyingine kwa sauti ya Tekla, mara nyingine kwa maji, gubu gubu gubu, na Asukile aliyekuwa amesimama mlangoni alisema baadaye kwamba yale ya maji ndiyo yaliyomtia hofu zaidi.

"Huyu hakuvunja mlango," Bi Naima akawaambia wanaume watatu alipotoka uani. "Selemani alibisha hodi mlangoni kwao. Huyu wa mtoni akafuata kuona nani anaita. Alipofika hapa naye akabisha, kwa adabu, mkamkaribisha ndani. Kwake yeye, ni mgeni wenu."

"Sauti ya mke wangu anaitakia nini?" Sosthenes akauliza.

"Alikuja na ya kwake. Nani aliifungua akaiweka kwenye rafu?"

Asukile akatazama viatu vyake.

"Basi ameazima ya mwenye nyumba. Na ameipenda. Akizidi kuipenda atataka na mwenyewe, kiti kiko wazi." Bi Naima akashusha sauti zaidi, wakalazimika kuinama kumsikia. "Fundi, kitengeneze. Usilipue kazi. Kitengeneze kama chombo cha mtu unayemheshimu. Usukani ukae sawa ajue njia ya kurudi, honi ilie kwa sauti yake yenyewe. Selemani atamrudisha pale alipomwita. Jua lisizame akiwa hapa. Na sisi tutamsindikiza mpaka barabarani, kama mgeni yeyote. Akifika barabarani atapiga honi kuaga. Mnyamaze. Lile neno mnalowaambia wateja wakitoka, la kuwataka warudi, lisitoke kinywani mwa mtu." Akamwonyesha kidole Sosthenes, akamwonyesha Selemani, akamwonyesha Asukile mara mbili. "Hasa wewe."

Asukile akafunika mdomo wake kwa kiganja.

Sosthenes akaanza. Busha za kununua hakukuwa na muda wa kuzitafuta, akazichonga kutoka kwenye kipande cha nailoni ngumu, akazipima, akazichonga tena. Raba ya jointi akaikata kwenye tairi la lori, akaitoboa matundu, akaifunga kwa bolti mpya, akaweka ule waya mdogo unaoruka raba ili honi ipate athi yake pale inapotakiwa tu. Mikono yake ilijua kazi, na akaiacha ifanye, maana kichwa kilikuwa jikoni, alikokuwa anasikia viatu vya kanisani vikitembea kuelekea mlangoni, na sauti ya Bi Naima ikisema, "Kaa, mwanangu, kaa kidogo," na viatu vikirudi, na baada ya muda vikianza tena.

Alipoiingiza shafti, maji yakaanza kutoka juu ya bomba. Kidogo kwanza, kisha ya kutosha kumlowesha viwiko, ya baridi, yenye mchanga na majani ya matete, na harufu ile ya marashi ikawa nzito mpaka ikamkaba, lakini aliendelea kusukuma shafti akiwa amelala chali chini ya dashibodi, maji yakimwingia machoni na masikioni, akiisikia busha ikikaa, kisha ya pili ikikaa, na juu yake, kwenye kiti cha abiria ambako hakuna mtu, springi zikilia polepole moja moja, kama zinavyolia mtu mnene anapojiweka vizuri kwa safari ndefu. Hakugeuza kichwa. Alifunga alichokuwa anafunga. Alipotoka na kuuweka usukani mahali pake, akakaza nati yake kwa spana, usukani ukageuka mikononi mwake kidogo, taratibu, ukagoma, ukageuka tena. Hapakuwa na ukorofi ndani yake. Ulikuwa unajaribu kama umekaa sawa.

"Honi," akasema. "Asukile, lete honi."

Asukile akaenda kwenye rafu. Alirudi amekibeba kile kidude kwa mikono miwili mbali na kifua, machozi yanamtoka waziwazi, maana kilikuwa kinaimba mikononi mwake ile zaburi, sasa bila kukosea neno hata moja. Hakukiangusha. Alikifunga nyuma ya taa, akaunga waya, akaweka betri, akasogea nyuma akakaa chini.

Sosthenes akabonyeza kitufe. Kimya.

Jikoni kiti kikaanguka. "Fundi," Bi Naima akaita, na safari hii sauti yake haikuwa na upole, "siwezi kumshika tena." Tekla akatokea mlangoni, mkoba mkononi, nywele zimelowa zimemganda usoni, anakuja kwenye kigari moja kwa moja, na yule bibi amemshika kiunoni anaburutwa. Nje jua lilikuwa limegusa vilima. Sosthenes akang'oa kitufe, akatazama, akakiona kile kibati cha shaba kinachogusana na usukani, kimepinda na kimepata kutu. Akakisugua kwa msasa, akakinyoosha kwa kucha, akarudisha kitufe, akabonyeza.

Honi ikalia. Ilikuwa honi ya gari tu, ya kizamani, yenye mkwaruzo kidogo, mbaya, na Sosthenes alikuwa hajawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Tekla akasimama katikati ya ua. Akakohoa, akakohoa tena, akapiga magoti, akatema maji ya mto na mchanga, na mwishoni konokono mdogo, hai.

"Sasa," Bi Naima akasema. "Sasa hivi."

Wakamwegemeza Tekla mlangoni kwa jiko, wakamfunika shuka. Selemani akaingia kwenye kigari. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kupimwa, lakini aliingia, nampa heshima yake kwa hilo, akakaa karibu kabisa na mlango kwa sababu kile kiti kingine kilikuwa kimebonyea. Injini ikawaka. Geti likafunguliwa, na safari hii kigari kikapita chepesi. Wakatembea kando yake, Sosthenes na Asukile upande mmoja, Bi Naima upande wa pili, kwa mwendo ule ule ambao watu humsindikiza nao shemeji aliyekuja kusalimia. Usukani haukucheza hata kidogo. Sosthenes aliona hilo, fundi ni fundi.

Barabarani kigari kikasimama. Honi ikalia mara tatu, fupifupi, kwa adabu.

Hakuna aliyesema kitu. Sosthenes alikuwa ameuma meno mpaka taya likamuuma. Akamtupia macho Asukile, maana ndiye waliyemhofia, akamkuta amejisokomeza kitambaa cha kufutia oili mdomoni, chote, macho yamemtoka, na katikati ya hofu yote ile Sosthenes alitaka kucheka. Kigari kikaingia barabara ya Chimala, kikaanza kwenda. Bi Naima akashusha pumzi ndefu.

Nyuma yao, kutoka mlangoni kwa jiko, sauti ikasikika, ndefu, safi, haina mkwaruzo hata mmoja.

"Haya, asante. Karibu tenaaa."

Sosthenes alisikia sauti kwanza. Maneno yalichelewa. Kwa muda huo mdogo alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Uyole, aligeuka akimkimbilia mkewe, na Tekla alikuwa amesimama ameshika shingo yake, shuka limemdondoka, anacheka na kulia pamoja. "Baba Anjela," akasema, "umesikia? Imerudi. Sauti yangu imerudi."

Akamkumbatia. Alimshika kwa nguvu sana, na ilikuwa ndani ya kumbatio hilo ndipo maneno yalipomfikia.

Bi Naima alikuwa bado anatazama barabara. "Nani alimwambia?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Kati yenu, nani alikumbuka kumwambia yule asiseme?"

Hakuna aliyemwambia. Nani angekumbuka kumwonya mtu asiyeweza kusema? Hata yeye Bi Naima hakukumbuka. Mama wa watu aliona mgeni anatoka getini kwake, akamuaga kama anavyowaaga wote.

Kule mbele, barabara inapoanza kushuka, taa nyekundu za nyuma za kigari zikawaka, zikakaa zikiwaka kwa muda. Selemani anaapa mpaka leo kwamba mguu wake haukugusa breki. Honi ikajibu, mara moja tu. Na Tekla, begani kwa mumewe, na furaha yake yote, akainua mkono akaipungia.